Mdomo Bila Sauti

Mume wangu Mwanzia aliigiza miaka mingi kwenye televisheni na hakuna mtazamaji aliyewahi kusikia sauti yake. Hiyo ndiyo kazi ya ekstra. Wakubwa wanakaa mbele ya kamera wanagombania shamba au mume wa mtu, na nyuma yao lazima kuwe na watu wanaokula, wanaopita, wanaolia kanisani, ili ionekane kwamba nchi ina watu. Sisi ndio tulikuwa hao watu.

Dianah, aliyetusimamia, alikuwa na kipaza sauti cha mkononi kama cha wahubiri wa stendi, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Ekstra! Mdomo bila sauti!" Maana yake uongee kama watu wanavyoongea, utikise kichwa, ucheke, lakini koo lisitoe kitu, kwa sababu maikrofoni ni ya wakubwa. Ukikohoa tu, unarudishwa nyumbani na mfuko wako wa nguo. Kila ekstra ana huo mfuko: nguo za harusi, nguo za matanga, na nguo za umaskini. Zile za umaskini hatukuhitaji kuzitafuta.

Mara ya kwanza kukutana na Mwanzia tuliwekwa meza moja kwenye hoteli ya Thika, mbele ya chapati za juzi ambazo tulikatazwa kuzigusa, tuwe mume na mke wanaogombana. Tuligombana asubuhi nzima bila sauti. Alinitukania ukoo, na mimi nikawa naelewa kila neno kwa kutazama midomo. Wakati wa kula nikamfuata.

"Wewe, mamangu alikukosea nini?"

Akacheka mpaka akamwaga chai. Hapo ndipo nikasikia sauti yake, nzito, yenye kukwaruza kidogo, kama kiti kinachovutwa kwenye simiti. Nilisema moyoni kwamba huyu wanamharibu kumkalisha nyuma. Mwaka uliofuata tulikuwa tunaishi pamoja Ruiru, chumba kimoja na jikoni.

Zaidi ya kula na kupita, Mwanzia alikuwa fundi wa kufa. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Alikufa kwa risasi, kwa sumu, kwa kuanguka kutoka mjengo. Watu wa kampuni ile walimpenda kwa hilo. Walimwita hata siku za Jumapili: "Mwanzia, kuja, tuna jeneza."

Mtu mmoja tu hakufurahishwa na kazi hiyo, naye ni mama yake. Tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kama Mwanzia alivyomwita. Aliishi Kiganjo kwa mwanawe mkubwa, Muoki. Presha ya macho ilikuwa imemfanya kipofu kabla Mwanzia hajaanza kuigiza, kwa hivyo hakuwahi kumwona hata mara moja. Ila tamthilia ikianza alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, akageuza sikio.

"Amefika?"

"Ameshapita, Mwaitu. Alikuwa amebeba trei."

"Amesema nini?"

"Hajasema."

"Amebebea watu chakula na hakuna aliyemwambia asante ili naye ajibu?"

Wamama wa kanisa walimtania. Walisema mtoto wake ni kama Roho Mtakatifu, yupo lakini mtu aamini tu. Mwaitu aliwajibu kwamba hata Roho Mtakatifu alipofika kulisikika mvumo. Walicheka wote, na yeye alicheka nao, lakini walipoondoka alimwambia Mwanzia: "Mwanangu, nakusikia kwa simu kila siku. Lakini simu ni yangu na wewe. Nataka siku moja uongee hao wakiwa wamekaa hapa."

Mwanzia alimwahidi. Kisha kule kukwaruza kwa sauti kukazidi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituonyesha picha ya koo, akatuambia ni saratani, na kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote. Mwanzia angepumulia tundu shingoni. Kitanda cha Jumatatu kilikuwa kimepatikana baada ya kungoja sana. "Mkikikosa hiki sijui kingine ni lini," alisema, "na huu uvimbe haungojei mtu."

Mwanzia aliuliza swali moja tu. "Nitaongea mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu asubuhi."

Tulipotoka hospitali hakunyamaza wala hakulia. Alimpigia Dianah palepale kando ya barabara, akamwambia kila kitu. Ninamshukuru Dianah mpaka leo, ijapokuwa mdomo wake ni pilipili. Alituvuta mpaka kwa Kiama, mwongozaji, ambaye alikuwa anakula ndizi kwenye gari.

"Kiama, mpe huyu maneno. Hata mawili."

Kiama akamtazama. "Huyu? Huyu si nilimzika msimu uliopita?"

"Ulimzika mara mbili na hakuna aliyelalamika."

"Dianah, watu watashangaa."

"Watu hawajawahi kumwangalia. Mpe maneno."

Akapewa. Alhamisi angekuwa mlinzi wa lango kwenye nyumba ya mbunge. Gari lingefika, mwanamke mwenye hasira angeteremsha kioo na kumtaka mheshimiwa, na mlinzi angesema: "Mheshimiwa hayupo. Ametoka asubuhi, na hajasema atarudi saa ngapi."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kujifunza maneno kama mume wangu alivyojifunza hayo. Aliyasema akioga. Aliyasema akivaa viatu. Aliyasema kwa hasira, kwa heshima, kwa huruma, kama mlinzi mwenye watoto na kama mlinzi asiye na watoto. Jirani wetu wa nyumba ya pili alibisha hodi kuuliza kwa wema ni mheshimiwa gani anayetafutwa kwetu, maana yeye pia alikuwa na shida ya kumwona.

Nyumba ya mbunge tuliazima Kahawa Sukari. Mwenye nyumba alikuwa ametukubalia mpaka saa sita tu, kwa sababu mchana huo bintiye alikuwa na ruracio, wakwe wanaleta mahari. Tulipofika kwa maneno ya Mwanzia, wakwe walikuwa wameshafika Ruiru, na watu wa hema walikuwa uani wanagonga vyuma kama mafundi wa geti. Dada mmoja alikuwa anafunga vitambaa vya zambarau kwenye viti huku mwenye nyumba akizunguka na saa mkononi akisema, "Jameni, nitaaibika."

Mimi nilikuwa mpita njia mwenye kiondo. Nilipangiwa kupita nyuma ya gari, lakini nilitembea polepole sana nimwone.

Kiama akasema waanze. Gari likaja. Kioo kikashuka. Yule mwanamke akabwata vizuri. Mwanzia akasogea mbele na sare yake ya bluu, akainama kidogo kwa heshima, na akayasema. Niliyaona midomoni yote, kila neno mahali pake. Uso ulikuwa wa mlinzi kabisa, mtu aliyechoka kusema uongo wa mwajiri wake. Sijawahi kuona ekstra akiigiza vile.

"Safi!" Kiama akaita. "Tunatoka, tunatoka! Hema ziingie!"

Mwanzia alinijia mbio akiwa bado na kofia ya ulinzi. "Umenisikia? Ilikwaruza sana ama ilikuwa sawa?"

Niliweka kiondo chini.

"Mwanzia. Hukutoa sauti."

"Wacha mchezo."

"Midomo imeenda. Yote. Sauti haijatoka."

Alinitazama akingoja nicheke. Kisha akageuka na kwenda kwa Githae, mtu wa sauti, aliyekuwa akikunja nyaya. Githae alisema yeye masikioni alisikia vyuma vya hema tu, na kwa hivyo hakuhangaika, alijua sauti zote za pale langoni zitawekwa upya studio.

Mwanzia aliketi kwenye kiti chenye kitambaa cha zambarau. Miaka yote hiyo tulifundishwa kitu kimoja, kwamba kamera ikiwaka koo linafungwa. Alikuwa amefunzwa vizuri. Siku aliyopewa ruhusa, koo halikuambiwa.

Tulimwomba Kiama arudie mara moja tu. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama lango, na langoni kulikuwa na wazee wa wakwe wenye makoti na akina mama wanaanza kuimba wakitaka kufunguliwa.

"Baba, usijali," alimwambia. "Picha yako ni nzuri sana. Njoo studio Ruiru, Jumanne asubuhi, uweke sauti. Dakika moja."

"Jumanne," Mwanzia alisema, na akaanza kucheka. Alicheka akiinamia magoti, na yule dada wa vitambaa akamwambia kwa upole kwamba kile kiti ni cha wageni.

Ijumaa alikwenda studio akakuta imefungwa. Jumamosi pia. Usiku huo aliniambia hataenda hospitali.

"Nitangoja hadi Jumanne. Watanipa kitanda kingine."

"Umemsikia daktari."

"Wangeci, nikibaki hai bila sauti, Mwaitu ataniona kwa kitu gani?"

Nikatumia ukali. Nilimwambia mama hawezi kufurahia sauti ya mtu aliye kaburini. Mwishowe tulikubaliana. Aliingia chini ya blanketi na simu yangu ili kelele za majirani wa ploti zisisikike, akayasema maneno ya mlinzi mara nyingi, mpaka ikapatikana moja ambayo haikukwaruza mno. Tukamtumia Kiama, na maelezo marefu. Kiama alijibu kwa alama ya kidole gumba. Mwanzia alikitazama kile kidole kama mtu anayesoma Zaburi.

Jumapili tulienda Kiganjo. Muoki alikuwa ameshaamua kwamba Mwaitu asiambiwe, ana presha, habari itamuua kabla ya mgonjwa. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu: mgonjwa anajua, majirani wanajua, mzazi ndiye hajui. Mwanzia alimwambia mama yake kwamba anakwenda Turkana kwa kazi ndefu, hakuna netwaki huko.

"Lakini utanisikia kwa televisheni," alimwambia. "Waite wamama wote."

"Utasema kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, Mwaitu."

Jumatatu walimchukua.

Sitaandika mengi kuhusu hospitali. Alitoka akiwa na tundu shingoni na kitambaa juu yake, kisha mionzi ikammaliza mwili. Ila kuongea tuliongea. Alisogeza midomo, nami nilisoma, kama siku ile ya chapati. Wauguzi walishangaa. Nilikuwa mtu pekee duniani ambaye kwake Mwanzia hakuwa amepoteza kitu, na hilo halikumfariji hata kidogo.

Kiganjo Mwaitu alianza kuuliza. Turkana gani isiyo na hata mlima mmoja mtu apande apige simu? Muoki alipobanwa, alimwomba Gathogo, ekstra mwenzetu, ajifanye Mwanzia kwa simu. Gathogo alikuwa anajisifu kwamba anaweza kuiga mtu yeyote. Alipiga, akafanya sauti nzito.

"Mwaitu, ni mimi. Niko sawa. Netwaki huku ni mbaya."

Kisha Mwaitu akasema, "Ni mbaya kweli. Imebadilisha hata mtoto."

Akakata.

Siku ya tamthilia yenyewe tulimleta Mwanzia kwa teksi mpaka mlangoni. Muoki alikuwa amepanga kama mtu anayemfichia mtoto dawa kwenye uji: kwanza Mwaitu asikie, afurahi, ashangiliwe na wamama, halafu tumshikishe mkono wa mwanawe na tumweleze pole pole. Wamama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni na leso zao. Waliambiwa mapema, wakafunga midomo Mwanzia alipoingia. Mmoja aliitazama shingo yake, akainuka kwenda jikoni na hakurudi. Mwanzia aliketi nyuma ya kiti cha mama yake, karibu kiasi cha kumgusa.

Lango la Kahawa Sukari likatokea. Gari likafika.

"Ni yeye!" wamama wakaita. "Mama Muoki, ni yeye, amevaa sare!"

Mwaitu aliinua mkono wanyamaze.

Na mlinzi akafungua mdomo, uso ule ule niliouona mimi, na ikatoka sauti nzito, safi, isiyokwaruza hata kidogo: "Mheshimiwa hayupo. Ametoka asubuhi, na hajasema atarudi saa ngapi."

Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilimtazama Mwanzia. Alikuwa ameshika kitambaa cha shingoni kwa mikono miwili.

"Huyo si Mwanzia," Mwaitu alisema. Vigelegele vikapungua. "Huyo ni yule wa netwaki."

Baadaye Gathogo aliniambia alikuwa studio Jumanne ile ya kuweka sauti, kuulizia kazi. Rekodi yetu ya blanketi ilikuwa na jogoo wa jirani ndani yake, haikufaa, na wakamwambia asome tu hapo. Hakujua ni maneno ya nani mpaka alipoona picha. Alilia akiniambia. Tangu siku hiyo wanampa maneno, na simlaumu, ana sauti nzuri.

"Mwaitu, Mwanzia yuko hapa," Muoki alisema kwa haraka, mipango yote imemwagika. "Amekuwa mgonjwa. Yuko nyuma yako. Mguse."

Mwanzia alipiga magoti mbele yake. Alishika mikono ya mama yake akaiweka usoni mwake. Mikono ilipita kwenye mifupa ya mashavu, ikashuka, ikafika kwenye kitambaa, kidole kimoja kikaingia palipo na upepo. Mwaitu alirudisha mikono kama aliyegusa jiko.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mwanzia, Mwaitu."

"Basi aniite."

Mwanzia alisogeza midomo. Nikasema kwa ajili yake, "Anasema, Mwaitu ni mimi," na nilisikia sauti yangu ya kike ikisema maneno hayo, nikajua ni ujinga.

Hapo ndipo nikakumbuka simu. Nilitafuta ile rekodi na kuiweka sikioni mwake. Alisikiliza na uso wake ukafunguka.

"Huyu ndiye," alisema. "Huyu ndiye mwanangu. Jogoo analia, kumbe alikuwa nyumbani." Kisha, "Sasa mwambie aniitikie. Mwanzia! Mwanzia!"

Rekodi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kimya, na huku mbele yake mtu akihema kwa shingo.

"Amekufa," Mwaitu alisema. "Mmeniwekea sauti yake kwa chupa, mkaniletea mtu wa kukodisha." Akaanza kulia kile kilio ambacho mimi na wenzangu tumejaribu mara nyingi mbele ya kamera na hatujawahi kukipata.

Majirani husikia kilio, hawangoji maelezo. Walikuja na viti, na thamosi za chai. Mchungaji akafika na Biblia akamwombea Mwanzia pumziko, Mwanzia akiwa ameketi kando ya mlango. Mtu mwenye bidii alifungua kikundi cha WhatsApp cha mazishi na akaingiza kila namba aliyokuwa nayo, pamoja na ya marehemu. Mwanzia aliandika, "Niko hai." Msimamizi wa kikundi akaandika kwamba kuna wezi wanaotumia simu ya marehemu, watu wawe macho, na akamtoa.

Alinionyesha hiyo simu. Alisogeza midomo: Angalau wamenisoma.

Tulieleza, mchungaji akaeleza, kikundi kikafungwa. Hata nesi wa Thika alikuja kumweleza Mwaitu habari ya koo na upasuaji. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Sawa." Lakini hakuamini. Tulishamdanganya kuhusu Turkana na tukamdanganya kwa simu, kwa nini atuamini la tatu? Alimwita Mwanzia "mgeni wenu."

Mwanzia aliendelea kwenda Kiganjo kadiri alivyokuwa na nguvu. Aliketi karibu naye, akimmenyea machungwa. Mwaitu alizoea harufu ya dawa zake na ile pumzi. Alimsimulia habari za mwanawe aliyekuwa na sauti ya kukwaruza tangu akiwa mdogo, aliyefukuzwa kwaya, aliyempigia simu kila siku. Mgeni alisikiliza. Siku nyingine nilimkuta akisogeza midomo akimjibu, yote, sentensi ndefu ndefu, na mimi nikatoka nje ili nisisome.

Mwanzia alikufa mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza. Tulimzika Ndalani, kwenye shamba la baba yake. Dianah alikuja na ekstra wote, na kwa mara ya kwanza nguo zao za matanga zilivaliwa kwa matanga ya kweli. Mwaitu tulimkalisha mstari wa mbele na shali mabegani. Hakulia. Kulia kwake alikuwa amekumaliza.

Nilipoketi kando yake alinitafuta mkono akaupata.

"Pole, mwanangu, mwana wakwa," aliniambia. "Alikuwa mtu mtaratibu, mgeni wenu."

"Asante, Mwaitu."

Walianza kuteremsha jeneza. Alisikia kamba, akainamisha kichwa kama wengine, kisha akanisogelea sikioni.

"Na mamake? Ameambiwa?"

Nilisema ameambiwa.